Tukutuku ya Papa na Gauni la Dada Vumilia

Pya, pya, pya. Sauti hiyo naisikia mpaka leo, laini kama matone ya kwanza ya mvua juu ya nguo iliyoanikwa, na kinachonifanya nijifunike kitenge usoni hata nikiwa peke yangu jikoni ni kwamba nilipoisikia, nikiwa juu ya tukutuku na dada yangu bibi harusi nyuma yangu, mimi nilifurahi, nikadhani watu wanaturushia maua.

Tukutuku yenyewe ilikuwa ya mzungu mmoja wa pamba, pikipiki ndefu ya safari za mbali, tangi lake kama tumbo la mama mwenye mapacha, na siku za uhuru alipokimbilia Usumbura, ng'ambo ya ziwa, alimwachia Papa, baba yetu, vipande vyake ndani ya magunia, Papa akavileta nyumbani Songo, mjini Uvira, tukaanza kuifufua uani, yeye akikaza skurubu, mimi nikisugua kutu kwa mchanga na jivu (shuleni sikufika mbali, lakini kutu niliijua vizuri), huku nikiota kwamba siku moja nitaiendesha mpaka Bukavu. Waasi walipoingia wakichukua kila chenye magurudumu, tukaifungua tena na kuirudisha maguniani, walipoondoka, tukaitoa na kuiunga upya.

Ndipo Zakaria wa Luvungi akamposa dada yangu Vumilia. Kijana mwenyewe hakuwa na neno, shida ilikuwa shangazi yake aliyemlea, mama wa mashamba ya mpunga, ambaye alisema waziwazi kwamba watu wa ziwa wananuka samaki, na kwamba siku ya harusi atasimama mlangoni pa kanisa, na akisikia harufu hiyo atamshika mwanawe mkono warudi kwao. Dada akaacha kugusa ndagala kabisa (wale samaki wetu wadogo tunaowaanika kwenye mchanga), akawa anajiosha kwa malimau mpaka ngozi ikamwasha. Naye Papa akaahidi kwamba binti yake atafika kanisani Kalundu juu ya tukutuku, safi kama sahani. Mimi ndiye ningeendesha, kwa kuwa goti la Papa lilikuwa limevimba.

Asubuhi ya harusi mnyororo ulikuwa mkavu, unalia kama kitoto cha nguruwe. Grisi haikupatikana mjini, njia bado zilikuwa zimefungwa.

"Weye Riziki, uache ilie tu," Papa akaniambia kabla ya kutangulia kanisani. "Usipake kitu."

Lakini moyo wangu haukuvumilia dada yangu aende kuolewa kwa kilio cha nguruwe. Jikoni kulikuwa na mawese ya kupikia sombe, majani ya muhogo, ya wageni, na kwa baridi ya asubuhi yalikuwa yameganda, mazito, yanavutika, ukiyatazama ni grisi kabisa isipokuwa rangi. Nikaupaka mnyororo wote. Ukanyamaza. Nilijiona fundi.

Dada akakaa upande, miguu yote upande wa mnyororo (bati la kuufunika Papa alikuwa bado analigonga), tukaondoka. Sasa jua la Uvira mnalijua. Mawese yakaamka, yakayeyuka, gurudumu likaanza kuyarusha, pya, pya, pya, na watu wa njiani wakawa wanapiga kelele, wanatuonyesha kwa vidole, nami nikadhani wanatushangilia, nikaongeza mwendo, ndiyo kusema nikaongeza na mawese.

"Riziki, naloa," dada akasema.

"Ni jasho, dada. Jikaze."

Kanisani shangazi alikuwa mlangoni kama alivyoapa. Nikakanyaga freni, na freni ilikuwa imekunywa mawese nayo (ile ya mbele hatukuwa tumeifunga bado), tukampita shangazi, tukampita Papa, tukateremka ufukweni, tukaingia katikati ya ndagala za mama mmoja, mashine ikalala, na dada akabingirika.

Aliposimama, gauni lilikuwa jekundu toka kiunoni mpaka chini, na ndagala zimemganda mgongoni, mikononi, kwenye vuale, shela yake ya kichwani. Shangazi akashuka taratibu. Nilitamani ziwa linimeze.

"Minye nilisema banatoa harufu ya samaki," akasema. "Sikusema banavaa samaki."

Dada alikuwa analia, lakini akainua uso. "Shangazi, nimejiosha malimau mpaka nimechubuka. Basi. Minye ni mutoto wa ziwa, harufu yetu ndiyo hii. Kama utamurudisha Zakaria, umurudishe sasa."

Shangazi akamtazama, akabandua ndagala moja kwenye vuale, akaitia mdomoni, akatafuna polepole.

"Imekauka muzuri," akasema. "Mawese iko, ndagala iko. Kunabakia tu bugali." Akafungua kitenge chake cha juu, akamfunga dada kiunoni, akamshika yeye mkono, si Zakaria kama alivyotishia, wakapanda kwenda kanisani.

Papa alipita karibu yangu akichechemea, macho mbele, na ningependa angenipiga. Tangu siku ile mawese kwangu ni ya chunguni tu, hata mlango ukilia usiku kucha nitauacha ulie.

Sikuingia kanisani. Nilisikia kupitia dirishani padri anauliza, na dada anajibu, "Ndiyo," kwa sauti nzima, nami nikachuchumaa mchangani, nikawa naokota ndagala za yule mama, moja moja, nazipuliza mchanga na kuzigeuza kwenye jua.