Upanga Mbele ya Lango la Mawe

Miaka ya tisini kulikuwa na kibanda cha video pale Kasulu. Mwenye kibanda alileta kutoka Burundi, kupitia mpaka wa Manyovu, mchezo wa video wa kuchezwa kwa vitufe kwenye televisheni, wa wafalme na mazimwi, maneno yote Kifaransa. Mimi niliishia darasa la saba. Rafiki yangu, mkimbizi kutoka Burundi, alikuwa amesoma Kifaransa shuleni kwao. Kila Jumamosi alitoka kambini na mama yake kuuza maharage sokoni, wakishamaliza anakuja kibandani. Yeye anasoma maneno na kuyageuza Kiswahili, mimi naeleza maana. Bibi wa kwenye mchezo akisema, "Mto unamkumbuka aliyeuvuka," mimi nilikuwa nautungia mto ule ukoo mzima, watu wanasogeza mabenchi kunisikiliza. Nilijiona mtu.

Tukakwama kwenye lango la mawe. Kila tukimfikia, mlinzi wake alikuwa na maneno yale yale: "Nyumba hii haijamfukuza mgeni. Wewe bado si mgeni."

Nikasema anataka upanga mkubwa zaidi. Jumamosi tatu tukaua mazimwi, tukaupata. Lango halikufunguka.

Rafiki yangu akasema taratibu, "Weka upanga chini. Kwetu mtu haingii kwa watu na panga mkononi. Analiacha nje, ndiyo anakuwa mgeni."

Sisi Waha nasi ni hivyo hivyo. Baba yangu aliegemeza panga ukutani kila alipopiga hodi kwa jirani. Nilijua kabisa kwamba amepatia. Lakini watu walikuwa wananitazama mimi.

"Wewe soma tu," nikamwambia. "Maana niachie. Hapa siyo kambini."

Kibanda kizima kikacheka. Naye akacheka kidogo, akaendelea kusoma hadi zamu yetu ikaisha, bila kuongeza neno lake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili nikamfuata mama yake sokoni.

"Amehamia kambi ya Kibondo, kwa mjomba wake," akasema, akinipimia maharage ambayo sikuyaomba. "Kumbe hakukuaga, mwanangu? Wewe ndiye alikuwa anakutaja kila siku."

Nikarudi kibandani, nikauweka upanga chini mbele ya lango. Likafunguka. Ndani alikaa mzee wa ndevu, akaanza kusema, maneno ya Kifaransa yakajaa kioo chote, yakapita, yakaja mengine.

"Haya mtaalamu," mtu akaniita kutoka nyuma, "anasemaje?"

Nikasema sijui. Wakadhani natania, wakangoja nicheke.