Ampea Tano

Hadi leo nina hasira na mwalimu wangu wa fizikia, na yeye wala hajui. Alitukaririsha kama kasuku: kipimo cha mkondo wa umeme ni ampea. Mkondo wenyewe ni kitu gani, hakusema. Aliyeuliza aliambiwa asipoteze wakati wa wenzake, hilo halitoki kwenye mtihani. Mimi sikuuliza. Nikapata A, na baba akalionyesha soko zima la Kikima cheti changu.

Kikima kuna baridi ya kuuma mifupa. Mwaka juzi kifua kilipoanza kumsumbua baba, nilimpelekea hita, pamoja na ekstensheni ya bei nafuu kwa sababu soketi ilikuwa mbali na kitanda. Aliigeuza ile ekstensheni, akaona maandishi mgongoni.

"Mwaitu, hapa wameandika nini?" Huniita hivyo, maana yake 'mama yangu', kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Ampea tano, baba. Ni kipimo cha mkondo wa umeme."

Akatabasamu. Mtoto wake amesoma, bwana!

Hita ilikuwa ya wati elfu mbili. Gawanya kwa volti mia mbili na arobaini, unapata zaidi ya ampea nane. Hesabu ya watoto! Nilikuwa nimeisoma hatari yenyewe kwa sauti, mbele ya mtu ambaye ingemuunguza, kisha nikamchomekea.

Wiki ya tatu plastiki iliyeyuka, blanketi likashika moto. Baba aling'oa waya kwa mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunjiki tena.

Nilimlaani aliyeniuzia, nikamlaani mwalimu. Lakini onyo lilikuwa limeandikwa, na aliyelisoma ni mimi. Hapo ndipo hasira hunirudia, na nikiikumbuka ile A natamani kuichana.

Juzi asubuhi nilikuwa namfunga vifungo vya koti, maana mwenyewe hawezi. Akaniuliza, "Mwaitu, hiyo ampea ni nini hasa?"

"Ni wingi wa umeme unaopita kwa waya kila sekunde. Kila waya iko na kiwango chake. Ukipitisha mwingi kuliko huo, inapata moto mpaka inaungua."

Akautazama mkono wake.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, baba."

"Si ungeniambia siku ile," akasema. "Hiyo hata mimi ningeelewa."