Mtafiti Mkuu wa Kunde za Masii

Kwa miaka mitatu Nthambi alikuwa akihesabu fukusi. Alikuwa mhadhiri wa kilimo katika chuo kimoja mjini Machakos, na utafiti wake ulihusu jinsi wakulima wa Masii na Muthetheni wanavyohifadhi kunde zisitobolewe na wadudu hao. Aliufanya pamoja na Daktari Kibe, mwenyeji wa Yatta na hodari wa takwimu. Walipatana vizuri. Magunia mengi hukaa chumbani, kando ya kitanda, ambako Kibe, akiwa mwanamume, asingekaribishwa. Basi Nthambi ndiye aliyeingia, akachota sampuli na kuuliza maswali kwa Kikamba, naye Kibe akazichambua hesabu zile mpaka zikasema kitu.

Jumanne asubuhi idara ikatuma barua pepe. Ombi la kuendeleza utafiti lingefika mbele ya kamati Ijumaa. Nthambi ndiye aliyeliandika, na aliifungua fomu kutafuta makosa madogo tu ya tahajia. Penye mtafiti mkuu palikuwa na jina la Kibe. Lake lilikuwa chini, kati ya wasaidizi wa nyanjani.

Alisoma tena. Akafunga kompyuta, akaifungua, jina halijasogea.

Akiuliza, ataitwa mkorofi. Alishaitwa hivyo mwaka ule alipokataa kuandika kumbukumbu za kila mkutano kwa sababu tu ndiye mwanamke peke yake mezani, na watu hawakusahau upesi. Asipouliza, Ijumaa itapita. Lakini kilichomkosesha raha zaidi ni Kibe. Je, alijua? Siku nzima Nthambi alimwona akipita koridoni, akacheka naye kidogo, akashindwa kumuuliza.

Jumatano walikuwa na safari ya Masii. Kwa Ndinda, mkulima aliyewapokea tangu mwaka wa kwanza, Nthambi alikaa kwenye kigoda na sahani ya kunde mapajani, akiwatenga fukusi wazima na waliokufa.

"Mwalimu," Ndinda akasema, "hiyo sahani umeihesabu mara tatu. Uko mgonjwa?"

"Hapana, mama. Niko na mawazo tu."

"Basi yamalize kwanza. Kunde haziendi mahali."

Nthambi aliweka sahani chini, akatoka nje. Kibe alikuwa kando ya pikapu ya idara, akibandika lebo kwenye chupa za sampuli. Nthambi alimwonyesha fomu kwenye simu.

"Kibe, hii uliiona?"

Kibe alibandika lebo nyingine, ikaenda upande.

"Profesa Makau aliniita Ijumaa iliyopita," akasema. "Alisema uko na mtoto mdogo, hutaweza safari. Nikasema sawa."

"Ijumaa! Na jana ukanisalimia vizuri tu."

"Mkataba wangu unaisha Desemba, Nthambi. Yeye ndiye mwenyekiti wa idara. Nilijua si haki, nikanyamaza. Niliogopa."

Angekana, Nthambi angejua la kumwambia. Walirudi mjini, Nthambi ameshikilia sanduku la chupa magotini, akijiuliza ni mambo mangapi mengine yalishasemwa juu yake akiwa hayupo.

Asubuhi ya Alhamisi Kibe alibisha mlangoni pake. "Naenda kwa Profesa. Naweza kwenda peke yangu, lakini afadhali twende wote."

Nthambi alichukua nakala ya ombi, wakaenda pamoja. Profesa Makau aliwaketisha, akawasikiliza huku amekunja uso.

"Daktari, mimi nilikuonea huruma," alimwambia Nthambi. "Mtoto ana miezi minane. Nani atakuwa akishinda Muthetheni?"

"Prof, Muthetheni tumeenda mara nne tangu nijifungue. Mtoto alikuwa mgongoni. Ungeniuliza, ningekuambia." Akaiweka nakala mezani. "Na hilo ombi nimeliandika mimi, kila ukurasa."

"Kwangu fomu haina shida ilivyo," akasema Profesa. "Kibe?"

"Mimi siwezi kutia sahihi hapo, Prof. Takwimu ni zangu. Utafiti ni wake."

Profesa alimgeukia. "Unajua mikataba hupitia ofisi hii?"

"Najua."

Bila sahihi ya Kibe ombi lisingefika mbele ya kamati kesho yake. Mwishowe Profesa alivuta kibodi, akabadilisha majina mawili, akachapisha fomu upya. Ijumaa kamati ilipitisha ombi. Jina la Nthambi lilikuwa juu, la Kibe likifuata kama mtafiti mwenza.

Wiki zilizofuata hazikuwa nyepesi. Profesa aliacha kumsalimia Nthambi. Nthambi alimwandikia mkuu wa kitivo barua ndefu kuhusu kazi ya Kibe, ingawa moyoni hasira haikuwa imeisha, na alimwambia Kibe hivyo waziwazi. Desemba Kibe alipewa mkataba wa mwaka mmoja, badala ya mitatu kama wenzake. Januari, kabla ya safari ya kwanza, waliketi ofisini kwa Nthambi wakaandika nani atafanya nini na jina la nani litakaa wapi. Kibe alitia sahihi, akamsogezea kalamu. Nthambi alisoma karatasi yote tangu mwanzo, polepole, ndipo naye akatia yake.