Urefu wa Mzee Kahangwa

Joanitha Kahangwa hakupenda kuitwa fundi. Watu wa Kashai, mjini Bukoba, walimwita hivyo kwa heshima, kwa kuwa alifanya kazi kwenye karakana ya useremala, lakini yeye alikataa katakata. Fundi ni baba yangu, alisema, mimi nachora tu. Na kweli alichora. Mikononi hakuwa na sugu hata moja. Alikaa kwenye kistuli huko nyuma ya karakana ya Elieza, laptopu mbele yake juu ya meza iliyojaa vumbi la mbao, na kila mlango na kila kabati lililotoka pale lilianzia kwenye kioo chake kabla mashine ya kuchonga haijapokea maagizo.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, iko hivi. Ukichora mstari kwenye kompyuta, mstari ule haujui chochote. Haujui kama umesimama au umelala, wala jirani yake ni nani. Ukiuvuta unakufuata, na umbo zima linabomoka. Kazi ya Joanitha ilikuwa kuipa mistari masharti: wewe na mwenzako muwe sawa kwa urefu, ninyi wawili mwende sambamba, wewe kona ubaki hapo hapo usihame. Masharti yakitosha, mchoro wote unageuka kijani, na hapo uuvute utakavyo, hauendi popote. Yakizidi, yaani ukiuambia jambo ambalo tayari unalijua, unageuka mwekundu na kugoma mpaka uondoe moja.

Hapo kwenye kuzidi ndipo wengi hukwama. Mtu anaandika kipimo kwenye kila mstari, roho yake itulie, halafu mteja akija kusema kabati lipunguzwe kidogo, loo, mchoro mzima unapigana wenyewe kwa wenyewe. Elieza mwenyewe alikuwa hivyo. Joanitha alikuwa akimsogeza pembeni, anafuta nusu ya vipimo vyake, na mchoro unapona. Usiuambie kitu kilekile mara mbili, alimwambia, si mtoto huu. Kwa kuchora alikuwa moto wa kuotea mbali, na alijua, na wakati mwingine alijidai kidogo. Nani asingejidai?

Mchoro aliojivunia kuliko yote ulikuwa wa jeneza. Elieza hakulipenda neno hilo, alizoea kusema "zile kazi", lakini zile kazi hazikukosekana wiki hata moja. Joanitha aliufunga mchoro ule kwa hesabu ya baba yake. Mzee Kahangwa, huko Kamachumu wilayani Muleba, alipima marehemu kwa kamba. Kamba ikikunjwa mara tatu anapata mabega ya jeneza, na nusu ya hapo anapata upande wa miguu. Miaka arobaini aliwatengenezea majirani zake hivyo. Binti yake akaichukua kamba ile akaifanya masharti, basi ukiandika urefu tu, mabega, miguu na kifuniko vinajipanga vyenyewe. Siku aliyomwonyesha baba yake, mzee aliangalia namba zikibadilika, akacheka mpaka akakohoa, akasema sasa amestaafu rasmi.

Siku hiyo bado alikuwa na miguu. Alikuwa mtu wa mita moja na themanini, mabega kama ya mchukuzi wa magunia, na alipenda sana urefu wake, jamani. Miimo ya milango aliipima kwa kichwa chake mwenyewe, hivyo kule kijijini nyumba nyingi zina milango mirefu bila sababu yoyote ya maana. Mkewe alipofariki, watu walisema sasa huyu mzee atajikunja. Hakujikunja.

Kisukari ndicho kilichomkunja. Kilianza na kidonda cha kidole cha mguu, akakipuuza, kwa sababu eti mwanaume mzima haendi hospitali kwa ajili ya kidole. Ujinga huo, tuseme ukweli, ndio uliomgharimu. Joanitha alipomleta Bukoba mguu wa kushoto ulikuwa umeshaoza. Aliyetia sahihi ukatwe ni yeye, kwa sababu baba yake aligeuza uso ukutani. Mwaka haujaisha, akatia sahihi tena kwa mguu wa kulia. Yote miwili ilikatwa juu ya goti. Usiku hakulala, mchana alichora milango ya watu, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa baba mdogo Avit, mdogo wake mzee, na Elieza aliyempa ruhusa za kwenda hospitali.

Mzee alikataa kurudi Kamachumu. Akakaa miaka miwili kwenye vyumba viwili alivyopanga Joanitha pale Kashai, mlango umeegeshwa, pazia limeshushwa. Wageni walipokuja kutoka kijijini, na walikuja, maana watu wa kule hawamtupi mgonjwa, kwanza aliamuru maandalizi. Joanitha alikunja blanketi mbili, akazilaza chini ya shuka pale miguu ilipopaswa kuwa, akalitandika shuka vizuri. Mgeni anakaa pembeni ya kitanda, anatoa ndizi na kahawa ya kutafuna, anamsalimia mzee kwa heshima zote. Anarudi kijijini kusema Kahangwa amekonda lakini ni yuleyule, kitanda hakimtoshi. Joanitha aliuchukia ule mchezo. Aliucheza lakini, kila mara, na aliucheza vizuri.

Mara moja tu alijaribu kumwambia kwamba wale ni watu wake, wakijua hawatamcheka. Mzee akakataa.

"Wananijua nikiwa nimesimama," alisema. "Nikifa, unirudishe na urefu wangu wote, Joanitha. Usinipeleke pale kama kitoto."

"Nitakurudisha, Tata."

"Wote."

"Wote, Tata."

Alifariki mwezi wa tano, saa nne asubuhi, akiwa ameshikilia kikombe cha uji ambacho hakukimaliza. Joanitha alikichukua kikombe mkononi mwake taratibu kama vile asingependa kumwamsha. Kisha akampigia Avit. Avit alilia kwenye simu, akatulia, akauliza kuhusu jeneza. Joanitha akasema atalichora mwenyewe. Baba yake mdogo akamwonya kwa upole kwamba njia ya kutoka barabarani mpaka nyumbani ni mteremko na ina utelezi kipindi kile, kwa hiyo aangalie mzee asije akateleza humo ndani ya jeneza.

Hapo ndipo ilipobidi ampime. Miaka miwili alikuwa amemwogesha, amembeba, amembadilisha nguo, lakini kumpima hakuwahi. Pale mochwari alimwomba mhudumu atoke kidogo, akaivuta futi kutoka utosini mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa karibu sana. Aliisoma namba mara tatu, akaiandika kwenye kiganja, akarudi karakana na kiganja kimefumbwa.

Elieza alikuwa amewaondoa wafanyakazi wote nyuma. Joanitha aliufungua mchoro wake, akaandika mita moja na tisini, maana mtu wa mita moja na themanini hulala kwenye urefu huo. Mabega yakafunguka, kifuniko kikajirefusha, kila kitu kijani. Lilikuwa jeneza la Kahangwa, Kahangwa wa kabla ya kidole. Kwenye kifuniko aliweka kidirisha kidogo cha uso tu, watu wamuage na wasione zaidi. Kisha akachora ubao wa kukinga, wa kukatiza jeneza ndani kutoka upande hadi upande, uzuie mwili usiteleze kwenda chini. Akaupa umbali wake kutoka kichwani: sentimita mia moja na ishirini. Mchoro ukawa kijani tena. Kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini hakuinua mkono. Akaongeza kipimo kingine, kutoka kwenye ule ubao mpaka mwisho wa jeneza, sentimita sabini. Mchoro ukawa mwekundu. Programu ikamwambia sharti limezidi, aliondoe.

Alijua. Nani angejua kuliko yeye? Ukishataja urefu wote na sehemu ya juu, ya chini inajulikana, haina haja ya kuandikwa. Angemwona mtu mwingine akifanya kosa lile angemsogeza pembeni kwenye kistuli. Lakini alikaa akiitazama ile sabini pale ilipokuwa imesimama peke yake kwenye wekundu. Ndiyo ilikuwa miguu ya baba yake, jamani, mahali pekee duniani ilipokuwa bado imeandikwa, na mashine ilikuwa inamwambia haihitajiki. Akajaribu kuondoa urefu mzima badala yake. Mchoro ukakubali, na jeneza likabaki vilevile, lakini sasa urefu wa baba yake haukuwa umeandikwa popote. Akaurudisha. Wekundu ukarudi.

Elieza alikuja akasimama nyuma yake. Aliiona. Akamwekea mkono begani, akauacha hapo, mpaka Joanitha akaigusa ile sabini na kuifuta. Kijani kilirudi papo hapo. Akaanza kulia, akalia kwa sauti, mashine ilipokwisha kuwashwa ndipo hakusikika.

Kesho yake walimvalisha mzee suti yake, suruali wakaikunja, wakamlaza. Chini ya ule ubao Joanitha alijaza blanketi, akazikandamiza kila kona ili kisisikike kitu kikigonga. Jeneza lilisukumwa juu ya kitoroli cha mochwari moja kwa moja mpaka ndani ya gari. Safari nzima, kutoka Bukoba mpaka Muhutwe na kupanda Kamachumu, alikuwa akirudia kichwani: kidirisha, ubao, blanketi, misumari. Hakuna alichosahau. Alipoona nyumba za kijijini kwao aliweza hata kuvuta pumzi vizuri, akajisemea, Tata, tumefika, na umefika wote.

Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Wanawake walianza kilio gari lilipoonekana tu. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, kilio kikashuka kidogo, watu wakatazama jeneza lile refu, refu hasa, na Joanitha alimsikia mama mmoja akisema ndiye, ndiye Kahangwa mwenyewe. Alitamani baba yake angesikia. Gari lisingeweza kuingia kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kwa hiyo wabebaji sita walisogea kumchukua kwa mabega. Mbele alisimama Datius, mwashi, mwanaume wa makamo aliyejenga nusu ya nyumba ambazo Kahangwa alizitilia milango. Avit alikuwa ameingia nyumbani kupanga mahali pa kumlaza. Wale sita wakajipanga kama watu wanaojiandaa kwa mzigo wa mtu mkubwa, wakapanua miguu, wakavuta pumzi, Datius akahesabu, wakainua.

Jeneza likaruka.

Lilipanda juu kwa kasi mpaka yule wa nyuma akayumba, na upande mmoja ukapita kichwa cha mwenzake kabla hawajaudhibiti. Sanduku lile refu kiasi kile lilikuwa jepesi kama kitanda kitupu. Kilio kikakatika. Joanitha alisimama na mkono mdomoni. Alikuwa amefikiria kila kitu kinachoonekana kwa macho, na mchoro hauna mahali pa kuandika uzito. Aliwaona wale wanaume wakitazamana chini ya jeneza, na akaona kabisa wakati walipoelewa, mmoja baada ya mwingine, kwa nini mzee hakuwahi kushuka kitandani, na kwa nini hakurudi nyumbani. Miaka miwili ya blanketi, na sasa mbele ya kijiji kizima amemwaibisha. Alitaka ardhi immeze.

Datius alikuwa bado ametazama mbele. Hakugeuka kumwangalia. Taratibu akaliteremsha jeneza mpaka begani, akainamisha shingo, akakunja magoti.

"Taratibu," alisema kwa sauti ambayo watu wa mpaka ng'ambo ya barabara waliisikia. "Mzee ni mzito."

Wa pili naye akakunja magoti. Kisha wa tatu akaguna. Wakaanza kushuka kwenye migomba hatua kwa hatua, miguu ikikanyaga kwa kishindo, mishipa ya shingo imewasimama, na watu wakawafuata, kilio kikaanza upya. Walipofika nusu ya njia Datius akaomba wapumzike. Wakaliteremsha wote sita kwa pamoja, kwa uangalifu, wakakaa pembeni wakihema. Walibadilishana mabega. Datius alijifuta uso kwa mkono wa shati, uso mkavu kabisa, halafu akamtazama Joanitha kwa mara ya kwanza.

"Hajapungua hata kidogo," akamwambia.

Joanitha aliketi pale kwenye majani makavu ya migomba kando ya jeneza, akalia mbele ya watu wote, na wale wanaume sita wakamngojea mpaka alipoweza kusimama.