Haikuwa Kubana Mkojo

Mimi ni Rael wa Boito. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mchumaji wa majani chai, na kikapu changu kilijaa kabla ya vya wenzangu. Figo zangu zilipokufa, dada yangu Ednah alinipa moja yake. Miaka sita niliishi nayo vizuri, nikimeza kila siku dawa za kuzuia mwili usiikatae.

Halafu nikakojoa damu. Nikaenda zahanati. Daktari wa hapo hakuinua hata macho. "Nyinyi akina mama wa majani mnabana mkojo mpaka karani apime majani yenu. Ni infeksheni hiyo."

Kweli tulikuwa tunabana. Ukitoka kwa laini ya mzani umepoteza nafasi, na majani yananyauka. Lakini mimi niliacha kuchuma tangu nipewe figo! Nikamwambia hivyo. Akaniandikia dawa za infeksheni, akasema, "Kunywa maji mengi, mama." Mara nne nilirudi, mara nne dawa zile zile. Na mimi mjinga nikamwamini, kwa sababu miaka yote ya kuchuma nilibana kweli. Mpaka yakaanza kutoka mabonge ya damu, nikawa nalia chooni kwa uchungu.

Ednah ndiye alinivuta mpaka hospitali kubwa. Daktari wa huko, mama mmoja mpole, swali lake la kwanza lilikuwa, "Unameza dawa gani?" Nilitaka kumkumbatia. Akaingiza kamera kwenye kibofu, akatoa kipande kikapimwa. Saratani. Akatueleza kuna kirusi ambacho watu wengi wanacho, kimelala tu. Dawa za figo zikishusha kinga, kinaweza kuamka, na kwangu kiliamka, kikaleta saratani.

"Tutatoa kibofu, tupunguze pia hizo dawa za figo," akasema. "Lakini mwili unaweza kuikataa figo."

Nilishindwa kumwangalia Ednah. Akasema, "Nilikupa uishi, Rael. Wacha wakate."

Wakakata. Sasa mkojo unatokea tumboni, unaingia kwa mfuko. Mwanzoni ulivuja, nikanuka, nikagombana na kila mtu. Lakini uvimbe haujarudi, na figo ya Ednah bado inafanya kazi. Namshukuru Mungu, namshukuru Ednah.

Wewe mwenye figo ya kupewa, ukiona damu hata mara moja, usikubali kurudishwa nyumbani na maneno. Taja dawa zako. Piga kelele!

Mimi nilirudi kwa yule wa zahanati. Nikainua blauzi mbele ya meza yake. "Kibofu hakuna, daktari. Niambie, sasa nabana na nini?"

Akaweka kalamu chini. Ndiyo mara ya kwanza aliniangalia.