Mkwe Aliyetoka Nje Kila Baada ya Saa Mbili

Mara ya tatu nilipoinuka kutoka nje, mjomba wa mchumba wangu alivaa viatu akanifuata.

Sikumwona. Nilikuwa nakimbia. Na mwanamume anayekimbia kikao cha posa yake mwenyewe hana maelezo mazuri ya kutoa.

Tulieni niwaeleze, mnicheke kwa mpangilio.

Naitwa Dalmar. Nimelelewa Eastleigh, sasa naishi Bordesley Green hapa Birmingham, na kazi yangu ni dereva wa basi. Rukiya alishakubali kuolewa nami. Aliyebaki ni mama yake, Mama Fadumo.

Mama Fadumo alikulia Mombasa, akalea watoto Uholanzi, kisha akahamia Birmingham. Kwao neno la mwisho ni la kaka yake, Mjomba Tahlil, aliyebaki Uholanzi. Siku moja Mama akaniita.

"Dalmar, kodi gari unipeleke kwa kaka yangu. Akikukubali, tunapanga nikaha. Lakini kuendesha huko unajua?"

"Mama, relax. Ulaya naijua kama kiganja changu."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimevuka hata kwenda Wales.

Nikakodi gari mtaa wa Stechford, nikapewa na karatasi ya ruhusa ya kutoka nalo nje ya nchi. Tukapanda treni ya magari inayopita chini ya bahari, tukatokea Ufaransa. Kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara nikashika kushoto kama kawaida yangu.

"Mwanangu, huku tunakaa kulia," akasema taratibu.

"Najua, Mama. Nilikuwa natest steering tu."

Akanyamaza. Sikujua kwamba ananyamaza kwa makusudi.

Nilipodhani tunakaribia Uholanzi kutoka Ubelgiji, nikaweka pasipoti mapajani, nikapunguza mwendo, nikatengeneza na tabasamu.

"Unamtafuta nani?"

"Askari wa mpaka."

"Mpaka tumeupita dakika kumi zilizopita. Kile kibao cha bluu."

"Aah, kile nilikiona."

Tukafika kwa Mjomba saa tano asubuhi, mji mdogo, barabara nyembamba, nyumba zimebanana. Mama akaingia ndani kusalimia. Mimi nikabaki nje, nikaona kila gari lina kikadi cha bluu chenye saa kwenye kioo cha mbele. Nikapiga picha bango la barabarani, simu ikanitafsiria: usipaki zaidi ya muda wa saa mbili, onyesha kwenye kikadi saa uliyofika, kisha uondoke.

Nikakimbia duka la kona, nikanunua kikadi changu.

Sasa mtu mwenye akili angeingia ndani akasema, "Jamani, hapa napaki vipi?" Lakini mimi nilishasema Ulaya ni kiganja changu. Halafu kwetu mgeni haangalii saa. Umwambie mwenyeji kwamba una saa mbili tu, ataona unampimia ukarimu wake.

Basi nikaamua kulitatua kimyakimya.

Saa saba kamili pilau ikawekwa mezani. Nikainuka. "Samahani, napigiwa simu." Nikazunguka mitaa miwili natafuta nafasi, nikaweka kikadi upya, nikarudi natweta. Pilau imepoa.

Saa tisa, chai na mahamri. "Samahani, nahitaji hewa kidogo." Safari hii nafasi niliipata mbali, karibu na kanisa. Nilirudi na jasho mgongoni, ilhali nje kulikuwa na baridi.

Nikiwa kwenye korido nikamsikia Ayan, binti wa Mjomba, akinong'ona jikoni. "Huyo anavuta sigara, I swear."

"Sigara gani bila harufu?" mama yake akajibu. "Huyo ana mwanamke kwa simu."

Hapo hapo ujumbe wa Rukiya ukaingia. "Unatokatoka nje kuongea na nani? Nimeambiwa."

Nilimpenda Rukiya, nampenda, na sikuwa tayari kumkosa kwa sababu ya kikadi cha karatasi. Lakini kusema pia nilishindwa. Nikamjibu, "Nitakueleza."

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, Mjomba Tahlil akakohoa, akaweka kikombe chini. "Bismillah. Tumekutana hapa kwa sababu ya..."

Nikainuka.

Sebule nzima ikanitazama. "Samahani, Mjomba. Dakika tano."

Nikatoka mbio. Ndipo akanifuata. Alinikuta kule karibu na kanisa, nimeingiza kichwa ndani ya gari, nazungusha saa ya kikadi.

"Yaani ni hii?" akauliza. "Mimi nilikuja kumkamata mwanamke."

Akanirudisha ndani akiwa amenishika bega. Mama Fadumo alikuwa keshafungua droo ya kabati. Akaweka mezani kadi ya kijani.

"Hii ni ya wageni. Ukiiweka kwenye kioo unapaki mpaka kesho. Nimeishi nyumba hii miaka kumi na moja, Dalmar."

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Tangu saa saba. Nilikuwa dirishani."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Watu wakacheka, hata mimi. Yeye hakucheka.

"Baba yake Rukiya alikuwa mtu mzuri sana," akasema. "Lakini neno 'sijui' halikumtoka kinywani. Kifua kilimuuma wiki mbili. Nikamwambia twende hospitali. Akasema anajua, ni gesi tu. Nimemzika mji huu huu. Sitaki binti yangu aolewe na mtu kama huyo."

Nikaona macho yangu yanajaa, na sikuona aibu.

"Mama, sijui kupaki huku. Mpaka sikuuona. Na kule kwenye mzunguko sikuwa natest kitu. Nilikuwa naogopa."

Akamgeukia kaka yake. "Haya, anza upya."

Mjomba akachukua kikombe chake. "Bismillah."

Sasa tuna miaka mitatu ya ndoa. Mwezi uliopita nilikohoa siku tatu, nikaenda kwa daktari mwenyewe bila kusukumwa. Kilikuwa kikohozi tu. Rukiya alipompigia mama yake kumwambia, yule mama alilia kwenye simu.

Ndugu zangu wa kiume, kusema hujui hakukupunguzii kitu. Ulizeni mapema, kuna watu wanawangoja nyumbani.