Viraka vya Koti la Simeon

Jumanne jioni, akitoka kazini, Virginia Njambi alikuta jina la baba mkwe wake limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa matangazo wa shule ya msingi, kwa herufi kubwa ambazo hata kipofu angezipapasa: THUO S., DARASA LA SABA, AMEFUKUZWA MPAKA AKIRI.

Mama wa kabila jingine angeona jina la mwanawe tu. Lakini kwao mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babake mume, na wa pili jina la babake mke. Thuo wa darasa la saba, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na magoti yenye makovu, alikuwa pia Mzee Thuo wa kijiji cha Ziwa, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe kumi na wanane wa maziwa. Tangu mtoto huyo alipokuwa mchanga Njambi hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Guka, yaani babu. Hata yeye mwenyewe mtaani hakuitwa Njambi wala Virginia. Aliitwa Mama Thuo. Ubao ule ulikuwa umewaandika wote watatu.

Asingejua kama si Nasike, muuza mboga. "Mama Thuo," Nasike alimwambia akimfungia sukuma, "kijana yako siku hizi anasoma kwa mto? Jana nimemwona Sosiani, leo nimemwona Sosiani. Ama wamehamisha shule?"

Njambi aliiacha sukuma yake pale pale juu ya gunia akaenda shuleni.

Alikuwa karani katika ofisi ya mawakili mjini, mwanamke wa kidato cha nne, na kwa miaka minane alikuwa amepiga taipu majina ya watu bila kukosea hata moja. Mumewe Simeon alipofariki mwaka wa sabini na nane, shemeji zake walikaa kikao Ziwa wakataka kugawana wavulana wake wanne, kila mmoja achukue wake, kwa sababu mwanamke wa kalamu hawezi kulea wanaume. Njambi aliwasikiliza mpaka wakamaliza chai, akawavika wanawe makoti, akawarudisha mtaani kwao Langas. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wake aliyekwenda shule na kifungo kimekatika.

Mwalimu mkuu, Bwana Kiprotich, alikuwa akifunga kabati.

"Mama Thuo. Karibu, keti."

"Sikuja kukaa. Nani amekupa ruhusa ya kuanika jina la mzee wangu nje kama shuka?"

"Ni jina la mwanafunzi, Mama."

"Ni jina la mtu mwenye mvi! Mwanafunzi amefanya nini?"

Bwana Kiprotich alitazama dirishani kabla ya kusema, kisha akapunguza sauti. Mwezi wa saba mgeni rasmi alikuwa amepanda mche katika uwanja wa shule, watoto wakaimba, mche ukazungushiwa nguzo nne na waya. Jumamosi iliyopita mtu alikuwa amezing'oa nguzo mbili. Kufikia Jumatatu asubuhi mbuzi alikuwa ameingia akaula mche mpaka kwenye shina. Mwenyekiti wa tawi la chama alikuja, akakichungulia kile kishina, akasema huo si mchezo wa watoto. Akasema kuna watu hapa wenye chuki na serikali, wanawafundisha watoto wao chuki hiyo nyumbani, na anataka jina kabla ya Ijumaa.

"Mimi pia nina watoto, Mama," Bwana Kiprotich alisema.

"Kwa hivyo ukamtoa wa kwangu."

"Alionekana."

"Na nani? Mtihani ni wiki tano zijazo! Unajua nimelala saa ngapi mwaka huu nikimfundisha hesabu? Aliulizwa? Alisema nini?"

"Alinyamaza. Nimemchapa viboko sita, hakusema ndiyo, hakusema la."

Njambi alishika ukingo wa meza. Viboko sita, na mtoto alikuwa amekula chakula chake Jumatatu jioni akiwa amesimama, akisema kiti kina baridi, na yeye mama mtu akacheka. "Huyo aliyemwona," alisema, "mlete hapa aniambie machoni."

Mlinzi wa shule, Mzee Kipyego, aliitwa. Alivua kofia yake ya sufi akaikunja mikononi.

"Nilimwona kwa nyuma, Mama, siwezi kukudanganya. Uso sikuona. Lakini ile kaptula naijua. Ile ya viraka viwili ya kahawia, ya mistari, hapa nyuma. Kila Jumamosi inakuja hapa kuchota maji kwa mfereji, huu ni mwaka wa pili. Kuna kaptula ingine kama hiyo Eldoret mzima?"

Haikuwepo. Njambi alikuwa amefungua mdomo tayari kumkata kauli; akaufunga. Viraka vile alikuwa amevishona yeye mwenyewe kutoka kwenye koti la Simeon la kwendea kanisani, kwa sababu hakutaka koti lile livaliwe na mwanamume mwingine, wala hakutaka liliwe na nondo. Na mwezi wa nane, Thuo alipokuwa hawezi tena kuifunga ile kaptula kiunoni, alikuwa amempa anayemfuata. Shuleni hakuna aliyejua. Hapo ofisini ni yeye peke yake aliyejua.

Anayemfuata alikuwa Wanyoike. Na kwa jina, Wanyoike ni baba yake Njambi.

"Unasema nini, Mama Thuo?" Bwana Kiprotich aliuliza.

"Nasema Ijumaa nitakuja kwenye paredi, shule nzima ikiwa imesimama," alisema, akatoka.

Nyumbani aliwakuta wote wanne. Thuo alikuwa akimenya viazi, amesimama. Kigotho na Ndegwa, wale wadogo, walikuwa chini ya meza wakigombania kifuniko cha chupa. Wanyoike aliinamia daftari lake, akiandika ule mwandiko uliolala upande mmoja, mwandiko ambao Njambi aliuona na kumwona baba yake mzima: mwalimu wa katekisimu aliyeuza mitamba wawili ili binti asome, huku ndugu zake wakimcheka. Baba huyo alikuwa amekufa bila doa. Njambi alikuwa akiwaambia watoto jambo hilo kila Jumapili.

"Leteni kaptula ya viraka," alisema.

Hakuna aliyeinuka.

"Nimesema leteni."

Ndegwa, mwenye miaka mitano, ndiye aliyekwenda kuileta, akiiburuta sakafuni. Ilikuwa na matope makavu.

"Nani aliivaa Jumamosi?"

"Tulikuwa hatuna goli, Mami," Wanyoike alisema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko ya Ndegwa. "Tulitaka kurudisha Jumapili. Mvua ikanyesha."

"Mvua ikanyesha! Nyumba nzima inaandikwa ubaoni, wewe unaniambia mvua? Unajua walivyotuita? Watu wenye chuki na serikali! Mimi! Ninayesimama barabarani hata bendera ikipita kwa lori!" Alimgeukia Thuo. "Na wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukachapwa sita, ukaenda kukaa mtoni siku mbili kama kondoo aliyepotea, na mtihani uko mlangoni. Kwa nini hukusema?"

Thuo aliendelea kumenya. Ganda la kiazi lilikuwa refu na halikukatika. "Mwalimu alikuwa ameshasema jina langu mbele ya watu wote. Kila siku unatuambia tusichafue majina. Langu lilikuwa limeshachafuka. Nikaona moja linatosha."

Njambi alichukua kifuniko cha sufuria akakirusha ukutani. Kilizunguka sakafuni kwa muda mrefu kabla ya kutulia, na wale wadogo wakakitazama mpaka mwisho. Alikuwa na hasira na mwalimu, na mwenyekiti, na mbuzi, na Wanyoike, lakini hasira kubwa kuliko zote ilimwelekea mtoto huyu mwenye kisu cha viazi, ambaye alikuwa amemsikiliza vizuri kuliko wote.

"Na hata ningesema," Thuo aliongeza, "wewe humchapi. Wewe unamwita Baba."

Siku mbili zilizofuata ofisini alirudia barua moja mara tatu. Alijua vizuri kwamba angeweza kuimaliza kesi hii akiwa ameketi. Kipyego hakuona uso. Kaptula ikiungua kwenye jiko, ushahidi umekwisha, na jina la Wanyoike halitatajwa popote. Alhamisi jioni aliishika kweli juu ya makaa, mpaka ukingo ukaanza kutoa harufu. Lakini jina la Thuo lingebaki ubaoni vile vile. Moja linatosha. Aliiondoa, akaizima kwa mkono, akamwita Wanyoike.

"Nguzo ziko wapi?"

"Kwa uwanja, ng'ambo ya barabara."

"Twende."

Watoto waliokuwa wakicheza walisimamisha mpira wao wa matambara walipomwona Mama Thuo akija na viatu vyake vya ofisini. "Wooi, goli letu!" mmoja alilia. Wanyoike aling'oa nguzo ya kwanza, kisha ya pili. Mama yake hakumsaidia.

Ijumaa asubuhi walipita katikati ya mtaa: Njambi mbele na mkoba wake, Thuo akiwa na sare iliyopigwa pasi mpaka mistari yake ikakata, na nyuma yao Wanyoike, nguzo moja kila bega. Nasike alisimama na kisu chake cha mboga. "Mama Thuo, mnajenga?" Njambi alisalimia tu.

Paredi ilikuwa imeshapangwa. Mwenyekiti wa tawi alikuwa pale karibu na bendera, na kofia yake na fimbo yake fupi. Bwana Kiprotich aliwaona wakiingia langoni akafunga macho kidogo.

"Mama," mwenyekiti alisema kabla hawajafika, "hii ni mambo ya serikali. Wazazi wangoje nje."

"Ndiyo maana nimekuja na nguzo za serikali, Mzee." Akamgeukia Wanyoike. "Weka chini."

Nguzo zilianguka kwa kishindo. Njambi aliwageukia wanafunzi, si yule mzee, akasema kwa sauti aliyoitumia kusomea Neno kanisani:

"Naitwa Mama Thuo. Mtoto wangu Thuo alichapwa hapa mbele yenu kwa kosa ambalo si lake. Nguzo ziling'olewa na huyu, Wanyoike, wa darasa la tano. Amepewa jina la baba yangu mzazi, kwa hivyo mjue sikufurahi kulitaja. Alitaka goli. Hakutumwa na mtu. Kwangu hakuna siasa, kwangu kuna wavulana wanne na mpira mmoja."

"Na mche?" mwenyekiti aliuliza. "Mche wa mgeni rasmi, nani atajibu?"

"Mche uliliwa na mbuzi, Mzee. Wanangu hawali majani."

Kicheko kilianzia darasa la kwanza, kikapanda mpaka la saba. Mtaani mbuzi aliyezurura bila kamba siku zote alikuwa mmoja tu, yule mwenye utepe mwekundu shingoni, na hakuna aliyewahi kumfukuza kwa sababu kila mtu alijua analala boma la nani. Njambi hakulitaja boma hilo. Alimtazama mwenyekiti tu, akangoja. Mwenyekiti akamtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaitazama bendera, na kwa muda ikawa kana kwamba wote wanasubiri ipepee.

"Basi," mwenyekiti alisema hatimaye, "mtoto akirudisha nguzo na kupanda mche mwingine, chama si adui wa watoto." Akaangalia saa yake, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

"Sasa ubao," Njambi alisema.

"Nitamwambia kiranja—"

"Si kiranja. Mkono ulioandika."

Bwana Kiprotich alikwenda ubaoni mbele ya shule nzima akafuta THUO S. kwa kiganja chake, na kiganja kikawa cheupe. Akachukua chaki kuandika upya. Njambi alinyoosha mkono.

"Jina la baba yangu naliandika mwenyewe."

Aliandika kwa mwandiko wa kulala upande mmoja, kwani na yeye alifundishwa kuandika na baba yake huyo: WANYOIKE S., DARASA LA TANO. Akatulia, kisha akaongeza neno moja, kubwa kuliko mengine: AMEKIRI.

Viboko vinne alivyochapwa Wanyoike hapo hapo, Njambi alivihesabu akiwa amesimama, mkoba mkononi, na hakuangalia kando. Kisha akaenda kazini. Alichelewa dakika hamsini na hakuomba radhi.

Jioni aliketi na wembe akafumua viraka vya koti la Simeon, uzi mmoja mmoja, akavikunja akaviweka ndani ya Biblia. Halafu akatoa nguo zote za wavulana zenye matundu na mfuko wa vipande vya vitambaa. Kaptula ya Thuo ilipata kiraka cha buluu, ya Kigotho cha kijani, ya Ndegwa cha mfuko wa unga, na maandishi yake yakionekana. Ya Wanyoike ilipata kipande cha gauni lake mwenyewe, jekundu lenye maua makubwa.

"Mami, hiyo ni ya wasichana!" Wanyoike alilia. "Watanicheka!"

"Wacha wacheke. Kuanzia leo kila mtu katika nyumba hii atajulikana kwa matako yake mwenyewe."

Thuo alicheka mpaka akalazimika kuketi, na alipoketi akaruka juu tena. Njambi hakucheka. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, na Jumapili Mzee Thuo angekuja kutoka Ziwa na kibuyu cha maziwa, na habari zingekuwa zimefika kabla yake. Zifike tu. Aliuma uzi akaukata kwa meno.

"Wanyoike," aliita.

Mtoto alitazama mlangoni kuona ni nani ameingia. Kisha akaelewa kuwa ni yeye anayeitwa, akaja kuijaribu kaptula.